Bosi hakukata kodi ya mshahara: deni ni la nani?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, maghala ya Mtwara, Masasi, Tandahimba na Nachingwea huchukua watu kwa mkupuo: makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, wapima mizani, watunza stoo, walinzi, madereva, wapakiaji wa magunia. Makubaliano ya mshahara huchukua dakika chache. "Nakupa laki sita kwa mwezi, mkononi." Hakuna anayeuliza kodi wala anayeitaja. Msimu unafungwa, watu wanatawanyika, na siku moja mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) anafungua vitabu vya mwajiri na kukuta mishahara imetoka bila senti ya PAYE, yaani kodi ya mshahara, kukatwa. Hapo maneno huanza. Mwajiri anasema kodi ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi anasema kukata ilikuwa kazi ya bosi.

Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imelijibu swali hili vizuri, ila jibu linategemea jambo moja ambalo wengi hawalitenganishi: je, kodi haikukatwa kabisa, au ilikatwa kisha ikabaki kwa mwajiri? Ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza linaweza kukufikia wewe uliyelipwa mshahara. La pili ni la mwajiri peke yake. Kinachoonyesha uko upande gani ni karatasi ndogo ambayo watu wengi wa msimu hawaidai: slipu ya mshahara.

Tuanze na wajibu wenyewe. Mwajiri mkaazi wa Tanzania anapomlipa mfanyakazi mshahara anatakiwa kukata kodi palepale, kabla fedha haijamfikia mtu. Hapaswi kusubiri mwisho wa msimu, wala kusubiri kuona kama chama kimepata faida. Sheria imeziba pia kisingizio cha makato mengine: hata kama mshahara unakatwa mkopo, au kuna sheria nyingine inayokataza mshahara kuguswa, wajibu wa kukata kodi haupungui. Kilichokatwa kinapelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kodi ya mishahara ya Novemba, kwa mfano, iwe imelipwa kufikia tarehe 7 Desemba.

Asipokata, kifungu cha 84, kwa namba za sheria ilivyotungwa, kinasema bado atailipa kodi ambayo alipaswa kukata, kwa namna ileile na kwa tarehe ileile. Yaani kutokukata hakumpunguzii hata shilingi. Hapo ndipo wafanyakazi wengi huishia kusoma, wakifurahi. Kifungu hakiishii hapo. Kinaendelea kusema kwamba mwajiri akishindwa kukata, mfanyakazi naye anawajibika kwa kodi hiyo, kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na anatakiwa kuilipa siku 7 baada ya tarehe ya mwajiri. Kwa mishahara ileile ya Novemba, tarehe yako wewe mfanyakazi ni 14 Desemba.

"Kwa pamoja na kila mmoja peke yake" ni maneno ya kisheria yanayowatisha watu, lakini maana yake ni nyepesi. Deni ni moja. TRA inaweza kulidai lote kwa mwajiri, au lote kwa mfanyakazi, au kiasi huku na kiasi kule, lakini haliwezi kulipwa mara mbili. Mwajiri akishalilipa lote, TRA haina tena cha kukudai wewe. Na kwa kawaida ni rahisi zaidi kumfuata mwajiri, kwa sababu yeye ana vitabu, akaunti na anwani inayojulikana, kuliko kuwafuata wapakiaji 40 waliokwisha rudi Newala na Liwale. Lakini urahisi huo usikupe usingizi, maana mwajiri akifunga biashara au akahama, wewe mwenye ajira ya kudumu na namba ya mlipakodi ndiye unayebaki kuonekana.

Sasa upande wa pili. Mshahara wako ulikuwa 900,000, slipu inaonyesha NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) 90,000, PAYE 80,500, ukapokea 729,500. Miezi kumi baadaye inagundulika kwamba PAYE haikuwahi kufika TRA. Hapa sheria inakuhesabu wewe kuwa umekwisha lipa. Ulichokatwa kinatambuliwa kama kodi yako iliyolipwa, hata kama mwajiri amekikalia. Fedha hiyo si yake, na si yako tena. Ni ya Serikali, iko mikononi mwa mtu asiyestahili kuwa nayo. Mimi naliona hili kuwa kosa zito kuliko la kutokukata, kwa sababu asiyekata huenda hakujua, lakini aliyekata na asipeleke alipiga hesabu, akaandika, akatoa fedha kwenye mshahara wa mtu, kisha akaitumia.

Lakini uthibitisho uko wapi? Kama huna slipu, na mwajiri hana jedwali la mishahara linaloonyesha makato, utathibitishaje kwamba ulipokea 729,500 kwa sababu kodi ilikatwa, si kwa sababu huo ndio uliokuwa mshahara wako? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndilo linaloamua nani anadaiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi ya malipo na makato, kwa hiyo ukiomba slipu huombi hisani. Chama cha msingi kisicho na kompyuta kinaweza kuiandika kwa mkono: jina, mwezi, mshahara ghafi, kila kato kwa jina lake, kiasi kilichopokelewa, saini mbili.

Hesabu inayoharibika

Viwango vya PAYE kwa mkaazi wa Tanzania Bara, tangu Julai 2021, ni hivi. Hadi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kuanzia 760,000 hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya hapo ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi milioni.

Kodi haihesabiwi juu ya mshahara ghafi. Unatoa kwanza mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa NSSF ni asilimia 10 pale mwajiri anapolipa nusu nyingine ya ile asilimia 20. Chukua mpakiaji wa ghala anayelipwa 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000. Toa NSSF 39,000, inabaki 351,000. Kinachozidi 270,000 ni 81,000, na asilimia 8 yake ni 6,480. Fedha ndogo, lakini si sifuri. "Vibarua hawakatwi kodi" ni kauli inayosikika sana maghalani, nayo haina msingi. Kibarua hakatwi pale malipo yake ya mwezi yasipovuka kiwango, basi. Kupokea kwa siku au kwa wiki hakumtoi kwenye ajira.

Kosa la kwanza linalojitokeza wakati wa kukokotoa deni la nyuma ni kutoa NSSF ambayo haikuwahi kuchangiwa. Punguzo linapatikana kwa mchango uliolipwa kwenye mfuko ulioidhinishwa, si kwa mchango wa kwenye mawazo. Mwajiri ambaye hakukata PAYE mara nyingi hakujisajili NSSF pia, kwa hiyo mkaguzi anaanza na mshahara mzima. Yule wa mfano wa 900,000 anaondoka kwenye kodi ya 80,500 na kuingia kwenye 103,000. Ni tofauti ya 22,500 kila mwezi, inayotokana na kosa jingine kabisa.

La pili ni kulipa msimu mzima kwa mkupuo. Mpima mizani wa 400,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, baada ya NSSF ana 360,000 ya kutozwa, na kodi yake ni 7,200 kwa mwezi, jumla 21,600. Chama kikichelewesha fedha na kumlipa 1,200,000 kwa siku moja mnada ukishapita, bila karatasi inayogawanya miezi, mkaguzi akiweka jedwali la mwezi juu ya malipo hayo anapata 1,080,000 ya kutozwa na kodi ya 152,000. Mtu yuleyule, kazi ileile. Ndiyo maana mahudhurio na jedwali la mishahara viandikwe kila mwezi hata kama fedha haijatoka.

La tatu ni posho. Mapato ya ajira kwa sheria yetu si mshahara wa msingi tu. Kuna malipo ya muda wa ziada, bonasi ya msimu, kamisheni, malipo ya likizo, posho ya nyumba, posho ya usafiri. Kurudishiwa nauli uliyotumia kumpelekea bosi nyaraka zake bandarini si mapato, ni gharama ya kazi. Lakini 100,000 ya "usafiri" inayotoka kila mwezi bila risiti ni mshahara uliobadilishwa jina. Gari la kampuni unalotumia pia kwa mambo yako lina thamani iliyowekwa kisheria kwa ukubwa wa injini: pikapu yenye injini ya zaidi ya cc 2,000 hadi 3,000 yenye umri wa zaidi ya miaka 5 inaongeza 500,000 kwa mwaka kwenye mapato yako, ikiwa mwajiri anazidai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake.

Kisha kuna ajira ya pili. Mwalimu anayekatwa PAYE na mwajiri wake mkuu, na jioni anatunza vitabu vya chama kwa mshahara, hapati tena zile 270,000 za bure kwenye kazi ya pili. Huko anakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Vyama vingi hutumia jedwali la kawaida kwa kutokujua, na upungufu huo nao ni kodi isiyokatwa.

Maana ya neno "mkononi"

Turudi kwa mtu wa laki sita. Mwajiri aliyeahidi 600,000 mkononi ameahidi kiasi baada ya makato. Ili mtu apokee 600,000, kiasi cha kutozwa kodi ni 645,000, kodi ni 45,000, na mshahara ghafi kabla ya NSSF ni kama 716,667. Mwajiri anayejitetea mbele ya mkaguzi kwa kusema "basi mshahara ulikuwa 600,000" anatoa NSSF 60,000, anapata 540,000 na kodi ya 24,000. Ni pungufu ya 21,000 kwa mwezi, 252,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja.

Tofauti hii inamgusa mfanyakazi kwa njia nyingine. Mwajiri aliyeilipa kodi ambayo hakuikata ana haki ya kisheria ya kukudai kiasi kilekile. Lakini kama mkataba unasema wazi kwamba mshahara ni wa mkononi na kodi ni juu ya mwajiri, una hoja nzito ya kumkatalia, kwa sababu alichoahidi ndicho alichotoa. Mkataba ukisema "mshahara 600,000" bila neno zaidi, hoja hiyo inadhoofika. Andika neno "baada ya makato yote" siku ya kusaini, maana miaka miwili mbele kila mtu atakumbuka ahadi kwa namna inayomfaa.

Na haki hiyo ya mwajiri ina mipaka ambayo naomba isomwe taratibu. Sheria inasema kiasi sawa na kodi. Haisemi riba. Haisemi adhabu. Riba ya kuchelewa inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi na inajilimbikiza juu ya yenyewe, na adhabu ya kutowasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, ni ya yule aliyepaswa kuiwasilisha. Mwajiri anayekuja na karatasi ya TRA yenye kodi 1,449,000 na juu yake riba na faini, akataka karani alipe jumla yote ya chini, anadai kisicho chake. Uliza mchanganuo: kodi ya msingi ni ngapi, ya miezi ipi, kwa mshahara upi.

Tena asikate deni la nyuma lote kwa mwezi mmoja. PAYE ya mwezi huu anaikata kama kawaida, haina mjadala. Deni la nyuma ni jambo la kukaa, kukubaliana kwa maandishi na kugawa kwa miezi, kwa sababu sheria ya ajira inalinda mshahara dhidi ya makato ya kiholela. Akikata bila makubaliano, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo pa kwenda, na muda wa kufungua lalamiko ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, au siku 30 ikiwa umeachishwa kazi.

Mkataba wa jina na kazi ya kweli

Baadhi ya waajiri hukwepa PAYE kwa kumwita mfanyakazi "mtoa huduma" na kumkata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo ya huduma. Jina halibadilishi kitu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina vigezo vyake vya kumtambua mwajiriwa kwa ajili ya sheria za kazi: nani anapanga saa na namna ya kufanya kazi, nani anatoa vifaa, kama unamtegemea mtu mmoja kwa kipato, kama umemfanyia wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Mlinzi anayepangiwa zamu, anayevaa sare ya ghala na kukaa getini usiku kucha si mkandarasi. Mkaguzi wa kodi naye huangalia uhalisia wa kazi, na akiona ni ajira anarudisha hesabu kwenye PAYE.

Kwa mwajiri aliyegundua kasoro kabla ya kukaguliwa, njia ipo na haihitaji ujanja. Kokotoa mwezi kwa mwezi, usichukue wastani wa mwaka. Tumia viwango vya mwezi husika: kabla ya Julai 2021 daraja la kwanza la kutozwa lilikuwa asilimia 9, si 8. Weka majina na namba za mlipakodi za kila mtu, rekebisha ritani, pata namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa. Fedha ikiwa haitoshi, omba kwa barua kulipa kwa awamu, kabla hujatumiwa hati ya madai. Kamishna Mkuu wa TRA ana mamlaka ya kusamehe riba na adhabu kwa sababu ya msingi, lakini kodi yenyewe haisamehewi kwa barua. Kama una wafanyakazi 10 au zaidi, angalia pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Hiyo inatoka mfukoni mwako, na kumkata mfanyakazi ni kosa.

Viongozi wa vyama wasijifariji kwamba deni ni la chama tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu deni la taasisi kuwafikia wanaoiongoza, isipokuwa yule anayeweza kuonyesha kwamba alichukua uangalifu unaostahili. Muhtasari wa kikao unaoonyesha uliuliza "PAYE imelipwa?" na ukajibiwa kwa stakabadhi ni kinga kuliko maelezo marefu baadaye.

Ukiletewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, uwe mwajiri au mfanyakazi, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu. Unatakiwa kulipa kiasi usichobishia au theluthi moja ya kilichokadiriwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akikupunguzia. Watu wengi hupoteza hoja nzuri kwa sababu walikwenda ofisini kulalamika kwa mdomo mara tatu, siku ya 31 ikafika bila barua.

Mfanyakazi mwenye wasiwasi aanze kwa kukusanya mkataba, slipu, taarifa ya benki au ya fedha za simu, nakala ya daftari la mahudhurio. Kisha aandike barua kwa meneja wa TRA wa mkoa, akitaja namba yake ya mlipakodi, jina la mwajiri na miezi, aulize kama kodi yake imeripotiwa. Uliza ya kwako tu. Maofisa wanabanwa na usiri na hawawezi kukupa vitabu vya mwajiri mzima, na barua inayotaka hayo hukwama.

Mwisho ni cheti cha kodi iliyokatwa. Kwa aliyefanya kazi mpaka mwaka umeisha, mwajiri anatakiwa kukitoa kufikia tarehe 30 Januari. Kwa aliyeondoka katikati ya mwaka, ni ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Mtu wa msimu akiahidiwa "utatumiwa", aache nambari ya simu na anwani kwa maandishi, abaki na nakala iliyosainiwa ya ombi lake, na kabla ya kupanda basi ahakikishe jina kwenye jedwali la mishahara linafanana herufi kwa herufi na lile la kwenye namba yake ya mlipakodi.